Mashine Isiyokuwa na Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia huwezi kuikuta kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ramani zake zilichapwa kitambo, nzuri, za rangi, ila zilitoka mtamboni zikiwa zimeungana kwenye karatasi moja ndefu, na mpaka leo zimekunjwa ghalani zikimsubiri mgeni rasmi wa kuzikata.

Kwetu hakuna kinachokatwa bila mgeni rasmi. Mila hii ilianza na utepe, kama kwa majirani zetu. Kiongozi alikata utepe wa daraja, watu wakashangilia, akajisikia vizuri. Kesho yake akakata utepe wa kisima, kisha wa choo cha stendi, kisha wa ngazi ya kupandia kwenye jukwaa la kukatia utepe. Baadaye utepe ukaadimika nchini lakini hamu ya kukata ikabaki, ndipo Bunge likapitisha sheria kwamba kila mkato ni mali ya dola. Kinyozi hagusi kichwa mpaka diwani afike, na ndiyo maana raia wetu wana nywele nyingi. Keki ya harusi huliwa maharusi wakiwa tayari na wajukuu. Mimi silalamiki. Mimi ni mpiga makofi wa serikali, daraja la pili; hukaa safu ya tatu kwenye hafla na kupiga makofi pale bendera ndogo ya njano inapoinuliwa. Viganja vyangu vina sugu kama vya mkulima, na nimevipata kwa uaminifu.

Sasa sikilizeni habari ya risiti. Sheria yetu inasema hakuna kitu kitakachotoka dukani, kwa mkono wa mtu yeyote, bila risiti iliyokatwa. Kuichana kwa vidole ni kosa la kuharibu hati ya dola. Kila duka lina mashine ya serikali, kubwa kama kabati la nguo, inayochapa vizuri sana lakini haikati. Risiti hutoka zimefuatana, ya mchele imeungana na ya mafuta ya taa, ya mafuta ya taa imeungana na ya sanda. Zinashuka mezani, zinazunguka sakafuni, na wateja husimama kila mmoja ameshika kipande chake, wakimsubiri Afisa Mkataji wa mtaa apite na mkasi. Afisa hupita anapopita. Akifiwa kwao, mtaa mzima haupiki.

Duka la dawa la Bwana Farijala liko nyuma ya nyumba tunayopanga. Chumba cha mbele ni changu. Vyumba vya uani anakaa Bi Tunu, mjane mwenye pumu, pamoja na binti yake Sikudhani Mbwilo, ambaye ni injinia wa mitambo midogo. Asubuhi moja Bi Tunu alibanwa kifua na pampu yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Sikudhani alikimbia kwa Farijala, pampu mpya ikawekwa mezani, mashine ikanguruma, risiti ikaning'inia. Wakabaki wanaitazama.

Afisa Mkataji siku hiyo alikuwa kwenye duka la pombe, ambako risiti ni nyingi. Tulimbeba Bi Tunu mgongoni mpaka dukani ili awe karibu na dawa yake. Kifua kilipiga mluzi, midomo ilikuwa ya kijivu, pampu iko mbele ya pua yake, na Farijala ameifunika kwa kiganja huku machozi yanamtoka, kwa sababu ana leseni na ana watoto. Afisa alipofika, Bi Tunu alikuwa ameanza kulegea. Mkasi ukalia, mama akavuta, akarudi duniani. Majirani tulimshukuru Afisa kwa kuokoa maisha, na serikali ikampandisha cheo.

Sikudhani hakumshukuru mtu. Alirudi nyumbani na kile kipande cha risiti mkononi.

"Kaka Mlekwa," aliniambia, "mama yangu nusura afe kwa ajili ya kipande cha karatasi."

"Lakini kimekatwa vizuri, dada," nikamfariji. "Umeona kilivyonyooka?"

Alinitazama mpaka nikainuka nikaenda chumbani kwangu.

*

Tangu siku ile uani kwetu kulisikika tupa na msumeno mdogo. Sikudhani alikuwa anatengeneza mashine ya risiti ambayo ingekaa kwenye meza ya Farijala bila kuwafukuza wagonjwa kwenye benchi, na ambayo ingejikatia karatasi yenyewe. Shida yake kubwa ilikuwa wembe. Ukiwa mrefu, mashine inanenepa. Ukiwa mwembamba, karatasi inakunjika inakwama. Akajaribu wembe unaoshuka wima, ukatafuna karatasi kama mbuzi. Akajaribu wa kuzunguka, ukakata na kidole chake. Mara kadhaa nilimkuta amekaa chini katikati ya springi na skrubu, anazitukana kwa upole ili mama asisikie.

Hatimaye aliupinda kidogo ule wembe, akauweka uteleze kwenye wembe mwingine uliotulia, mmoja juu, mmoja chini. Aliniita nione. Kilikuwa kijimashine cha kutosha kiganjani, mithili ya nusu mche wa sabuni ya kufulia. Akabonyeza. *Krrrr*, ikachapa. *Tak*. Karatasi ikaangukia mapajani mwake, imekatwa.

Bi Tunu alikuwa mlangoni na ungo wake wa mchele. Aliokota kile kipande, akakigeuzageuza.

"Mgeni rasmi alikuwa nani?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Ikakubali?"

"Imekubali."

Bi Tunu alicheka mpaka kifua kikaanza kubana, tukamnyang'anya kicheko.

*

Kwa kuwa ni raia mwema, Sikudhani aliipeleka mashine yake kwa Kamati ya Taifa ya Vitu Vidogo, ambayo hukutana katika ukumbi mkubwa kuliko yote nchini. Mimi nilikuwepo kikazi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kasongwa, Waziri wa Stakabadhi, mtu mwenye sauti nene na miwani ambayo huivaa ili aivue. Kijimashine kiliwekwa katikati ya meza, na wajumbe wa pembeni wakaagiza darubini.

Sikudhani akaeleza. Akabonyeza. *Krrrr. Tak.*

Mwenye bendera ya njano alimtazama mheshimiwa, mheshimiwa akamtazama mwanasheria, mwanasheria akatazama dari. Bendera haikuinuka na mimi sikupiga.

"Injinia," alisema mheshimiwa akivua miwani, "hilo tendo tulilolisikia, la *tak*, limefanywa na nani?"

"Na wembe, mheshimiwa."

"Wembe huo una cheo gani?"

"Ni wembe tu, mheshimiwa. Wa chuma."

"Uliapishwa lini?"

"Mheshimiwa, wagonjwa wanasubiri dawa mpaka wanazimia. Mama yangu mwenyewe..."

"Tunampenda sana mama yako," mheshimiwa akamkatiza. "Serikali hii ni ya akina mama. Ndiyo maana hatutaki mama akatiwe risiti na kitu ambacho hakijaapa. Leo wembe unajikatia risiti. Kesho utajikatia utepe. Keshokutwa, ndugu wajumbe, sisi humu ndani tutakuwa tunafanya kazi gani?"

Bendera ikapanda haraka. Nilipiga makofi mpaka mkanda wa saa ukakatika. Ilibidi niombe radhi kwa mkanda huo, maana ulikatika bila mgeni.

Hata hivyo Kamati haikuikataa mashine. Serikali yetu haikatai kitu, huboresha. Mjumbe mmoja aligundua kwamba kila chombo cha dola lazima kibebe picha rasmi ya mheshimiwa, na picha rasmi ilikuwa kubwa kuliko mashine. Sikudhani akaambiwa aitanue mashine ifikie picha. Aliporudi imefikia, wakaona picha haina nafasi ya fremu. Akaongeza fremu. Wakauliza mlingoti wa bendera utasimama wapi. Akaongeza kibaraza. Wakasema kibaraza kisicho na bati kitaacha bendera inyeshewe. Kila aliporudi nyumbani alikuwa amebeba kitu kikubwa zaidi na uso mdogo zaidi. Chombo cha nusu mche wa sabuni sasa kililetwa kwa mkokoteni.

"Wananifanya mjinga, kaka," aliniambia jioni moja uani, amekaa juu ya kitu chake. "Kila kitu nilichopunguza wamekirudisha. Nina hasira mpaka meno yananiuma."

"Vumilia, dada. Wameipenda, ndiyo maana inakua."

"Na wembe? Mpaka leo wembe hawajaujibu."

Wembe ulijibiwa kwenye kikao kilichofuata. Mwanasheria alisimama, akaeleza kwa furaha kwamba suluhisho limepatikana. Mashine itakuwa na mkataji ndani yake, kama injinia alivyoshauri tangu mwanzo, isipokuwa mkataji huyo atakuwa ni afisa. Kwa kuwa mashine sasa ina ukubwa wa kibanda, afisa anaenea, akiwa amekaa. Atakaa humo na mkasi, risiti itapita mbele yake, ataikata, ataisukuma nje kwenye tundu. Na kwa kuwa kila duka litakuwa na afisa wake wa ndani, Maafisa Wakataji wote wa mitaani watafutwa kuanzia asubuhi ya uzinduzi.

Sikudhani aliomba kusema. Alisimama pale, halafu akakaa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na maneno, ila yote yalikuwa ya matusi.

*

Duka la Bwana Farijala lilichaguliwa kwa uzinduzi. Benchi la wagonjwa lilitolewa, halafu rafu ya dawa za watoto, halafu ukuta, na Mashine Ndogo ya Taifa ikaingizwa. Ndani yake alifungiwa afisa mpya, Bwana Kilambo, kijana mpole mwenye diploma. Mlango ulipigwa lakiri ya serikali, isibanduliwe mpaka mheshimiwa atakapozindua. Kilambo alikuwa humo tangu jana yake. Tulimwona macho tu, kwenye tundu.

Ilihitajika pia mteja wa kwanza, tena mgonjwa wa kweli, kwa ajili ya wapiga picha. Kamati ikamteua Bi Tunu. Walituma mtu nyumbani kumshauri asitumie dawa tangu siku ya kabla yake, ili hafla ipendeze. Ushauri wenyewe haukuwa na kazi, maana pampu yake ilikuwa imeisha, na Maafisa wa mitaani walishaacha kupita kwa kuwa walikuwa wanafutwa.

Alikalishwa kwenye kiti, amevaa kanga mpya. Risiti yake ikachapwa mapema, ikaning'inia kwenye tundu ikisubiri. Pampu ikawekwa juu ya mto wa zambarau mezani. Sikudhani alisimama nyuma ya mama yake, mkoba begani.

Mheshimiwa akaanza kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yana mashine ndogo. Sisi tunayo Ndogo iliyo kubwa kuliko zao zote!"

Njano ikapanda. Nikapiga.

"Wapo waliosema karatasi ni kitu chepesi. Nawauliza, kama ni nyepesi, mbona imetuchukua miaka yote hii?"

Nikapiga. Katikati ya makofi yangu nilisikia mluzi. Nilidhani ni kipaza sauti. Kilikuwa kifua cha Bi Tunu.

Sikudhani aliinama sikioni kwa mshereheshaji. "Kaka, nakuomba. Mama amebanwa. Akate kwanza, hotuba imalizike baadaye."

"Dada, ratiba imeshachapwa," mshereheshaji akanong'ona. "Lipo shairi la upepo mwanana, ipo ngoma, halafu ndiyo kukata."

"Atakufa!"

"Basi tutaruka ngoma."

Waliruka ngoma. Mheshimiwa akaletewa mkasi wa uzinduzi juu ya sinia, mkubwa, umepakwa dhahabu, umechongwa na msanii. Akaishika risiti, akabana. Karatasi ikakunjika ikaingia katikati ya nyembe mbili za dhahabu kama ulimi. Akabana tena. Ikakunjika tena. Mkasi ulikuwa mzuri mno kuweza kukata. Msaidizi wake akajaribu, mwanasheria akajaribu, wapiga picha wakaomba wagande hivyohivyo. Bi Tunu alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, na macho yake hayatoki kwenye ule mto wa zambarau.

Sauti ikatoka ndani ya mashine. "Mheshimiwa, samahani. Mimi ninao mkasi humu. Unakata."

"Nyamaza!" mshereheshaji akafoka. "Wewe hujazinduliwa!"

"Ndiyo, mzee," Kilambo akajibu, na macho yakaondoka kwenye tundu.

Nimehudhuria hafla nyingi maishani mwangu. Nimepigia makofi barabara ambayo haikuwepo. Lakini nilipoona ile midomo ikirudia rangi ya kijivu, mbele ya watu wazima wote wale waliovaa suti, nilishikwa na hasira ambayo sikujua inatoka wapi, maana sikuajiriwa nayo.

Sikudhani akafungua mkoba.

Alikitoa kile cha kwanza. Cha nusu mche wa sabuni. Kumbe hakuwahi kukibomoa. Vyote alivyowapelekea Kamati baadaye vilikuwa ni mapambo juu ya mapambo. Akakiweka mezani kando ya pampu, akaandika jina la dawa, akabonyeza.

*Krrrr. Tak.*

Risiti ikalala juu ya mto, imenyooka. Farijala akaitazama ile risiti, akamtazama mheshimiwa, akamtazama Bi Tunu. Niliona kabisa leseni na watoto vikipita usoni mwake.

"Risiti imekatwa," alisema. Akaisukuma pampu.

Bi Tunu akavuta. Akavuta tena. Mluzi ukashuka, ukawa mwembamba, ukapotea. Hapo mtu mmoja akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu, na bendera ya njano iko chini. Nilipotazama niliona ni mikono yangu.

*

Mheshimiwa Kasongwa alivaa miwani, akaivua. Alitangaza kwamba hafla imeahirishwa hadi tarehe itakayopangwa, kwa sababu dola imekatiwa mbele ya macho yake. Akaamuru vikamatwe vielelezo vitatu: namba moja, kijimashine, namba mbili, pampu iliyotolewa kwa mkato haramu, namba tatu, injinia.

"Na pumzi alizokwisha kuvuta, mheshimiwa?" mwanasheria akauliza.

"Hizo zihesabiwe za mkopo," akasema, akaingia kwenye gari. Msafara ukaondoka na ving'ora, na wapiga makofi wenzangu wakaondoka nao. Mimi nilibaki, maana nilishaambiwa nisipande basi, kwa kosa la kupiga makofi bila bendera.

Dukani akabaki Koplo Chubwa wa polisi, mtu wa makamo, mtaratibu, aliyesoma sheria zote na kuziamini. Alitoa pingu, akapanga vielelezo vyake mezani, injinia akamsimamisha kando. Halafu, kama inavyotakiwa, akamwomba Farijala achape risiti ya ukamataji, kwa sababu hakuna kitu kitakachotoka dukani, kwa mkono wa mtu yeyote, bila risiti iliyokatwa. Mashine Ndogo ya Taifa ikanguruma. Risiti ya ukamataji ikatoka nyuma ya risiti ya Bi Tunu, zimeungana, ikaning'inia.

Koplo akainama kwenye tundu. "Ndugu afisa, nikatie hii."

"Siwezi, afande," Kilambo akajibu kwa huzuni. "Sijazinduliwa. Una maji huko nje?"

Koplo akamnywesha maji kwa mrija. Akatoka barazani kumtafuta Afisa Mkataji wa mtaa, akakumbuka wamefutwa asubuhi. Akarudi. Akasimama. Mchana ukapita, akalegeza mkanda. Wateja walijaa mlangoni, kila mmoja na ugonjwa wake, wote wanakitazama kielelezo namba moja kilichokaa mezani na taa yake ndogo ya kijani.

Hata Koplo alikuwa anakitazama. Alijikuna shingo. Aliangalia barabarani, kulia na kushoto. Mwisho akamsogelea Sikudhani karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani.

"Dada yangu. Hebu kibonyeze mara moja tu. Unikatie hii risiti, nikupeleke kituoni, tumalize. Hakuna anayeona."

Sikudhani alimtazama Koplo, akaitazama risiti ndefu iliyofika sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza, niliona mabega yake yametulia.

"Ningekusaidia, afande," akasema. "Ila mgeni rasmi ameshaondoka."

Koplo akavuta kiti, akakaa. Bi Tunu akanyoosha mkono mezani, akachukua kielelezo namba mbili, akavuta taratibu mpaka kifua kikajaa, akakirudisha palepale kilipokuwa, kwa sababu ni kosa kukitoa dukani.